Kiti cha Kushoto

Sogeeni, wanangu, na mniache nilipo. Sishuki. Mlinibeba kutoka kitandani mkidhani mama anataka kuliona gari mara moja tu kisha arudi kwenye mto wake, nami nikawaacha mdhani hivyo, maana ningesema ukweli msingenibeba. Sasa nimeshaketi, kiti nimekishona kwa mkono wangu, kinanikaa vizuri kuliko lile godoro la daktari, na atakayetaka kunitoa humu itabidi anitoe na kiti chenyewe. Wewe binti yangu, kifungua mimba, acha kutazama saa. Wewe kitinda mimba, toka hapo mlangoni uje upande huu, karibu na dada yako, ndiyo, hapo hapo, hakuumi. Na wewe shemeji, vuta ule mkebe wa rangi ukalie, magoti yako ni ya zamani kuliko hili gari. Haya, tegeni masikio, maana pumzi yangu siku hizi ni ya kupimiwa, na ninachowaachia nataka nikiseme kwa mdomo wangu, nisije nikasemewa na watu.

Naanza na mepesi. Nyumba ni yenu wawili, na anayetaka kumtoa mwenzake humo ajue kaburi langu halitakuwa mbali, nitamsikia. Spana na vyombo vya kuchomelea vya baba yenu abaki navyo kitinda mimba, keshavizoea. Cherehani yangu ya ngozi, ile nzito, achukue binti, si kwa kuwa anajua kushona, hajui, kifungo kimoja ameshona maisha yake yote na akakiweka upande usio wake, bali kwa kuwa ndiyo cherehani iliyonipa baba yenu. Alikuja kuitengeneza asubuhi, ikawa haijapona. Akarudi kesho yake, akarudi kesho kutwa, mpaka mama yangu akauliza hii ni cherehani gani inayougua kila siku na fundi wake anazidi kunenepa kwa chai yetu. Deni nimebakiza moja, nalo si la fedha: kinyozi wa pale kona nilimwahidi kukivika kiti chake ngozi mpya, na ahadi ni deni. Ngozi imeshakatwa, iko juu ya kabati. Mpelekeeni mshonaji amalizie, na mwambieni kinyozi nilikuwa nakuja.

Sasa tuje kwenye hili ninalolikalia. Nyinyi mlizaliwa mkalikuta, mkadhani kila nyumba ina gari juu ya matofali nyuma ya jiko. Mimi niliishi kabla yake, tena niliishi vizuri. Nilikuwa nangoja kabati. Baba yenu aliondoka asubuhi na huyu mdogo wake, wakaniaga kwamba wanakwenda kuleta kabati, na jioni nikasikia mkokoteni unalia mlangoni. Natoka na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, nakuta bodi la gari la Kiingereza, lile la kizamani la watu wawili, la vijana wenye haraka, limelala juu ya mkokoteni bila viti, bila kioo, lina mlango mmoja na usukani usioshikana na kitu, na nyuma yake magunia mawili ya vyuma yaliyomwaga kutu njia nzima. Nikauliza, kabati liko wapi? Baba yenu akanitazama bila haya akasema, “Mke wangu, hata hili ukilifunga vizuri unaweza kuweka nguo.” Haki ya Mungu, kile kitambaa nilimtupia usoni.

Nikalipa jina siku ile ile: mke mwenza. Na alikuwa mke mwenza kweli, maana akirudi kazini alianzia kwake ndipo aje kwangu, na mafuta ya kulainisha alipakwa yeye wakati mimi napasuka visigino. Majirani walinipa pole, wengine wakanicheka waziwazi. Siku moja nimenuna, chakula nimekipakua kwa kishindo, akanishika mkono akanileta hapa, akaniketisha juu ya kreti la soda aliloliweka mahali hiki kiti kilipo, akaniambia: “Likikamilika halitatoka nje mpaka wewe uwe umekaa hapa, kiti cha kushoto, wa kwanza kabla ya mtu yeyote, nikupeleke juu kwenye tangi la maji ulione paa la nyumba yako.” Maneno ya mwanamume anayejua kosa lake. Lakini niliyaweka moyoni, na kuanzia hapo nikaanza kutafuta vyuma na mimi.

Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Taa moja tuliikuta kwa mpiga picha, inamulika maharusi. Kabureta ilikuwa kwa huyo kinyozi, anazuilia mlango usipigwe na upepo, ndiyo sababu ya lile deni. Mlango wa pili tuliukuta umekuwa nusu mlango wa choo cha muuza mkaa, chini mlango wa Kiingereza, juu gunia, na ilibidi tungoje nje kwa adabu mpaka aliyekuwemo amalize. Nati za gari hili zote ni za inchi, si za milimita kama za wenzake, kwa hiyo spana za mji mzima zilikuwa zikilichungulia tu na kwenda zao. Halafu haya magurudumu. Hayashikwi na nati nne wala tano; kila moja lina nati moja kubwa hapo katikati, yenye masikio, unaikaza kwa nyundo. Tulikuwa nazo tatu. Ya nne, ya hapa mbele kushoto, baba yenu aliitafuta mpaka akawa anaiota mchana. Siku aliyoipata tulichinja kuku, tukaita majirani wale wale walionicheka, wakala, wakashiba, wakasimama kutazama. Akaiweka, akaizungusha, nati haishiki hata uzi mmoja. Kumbe ni ya upande wa kulia! Za kulia na za kushoto hukazwa kinyume, na kuku keshaliwa. Baba yenu alicheka mpaka akakaa chini vumbini, nami nikakaa karibu yake, na sikumbuki kama niliwahi kumpenda kuliko siku ile.

Shemeji, usijifanye unatazama dari, na ya kwako nitaisema. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawakusema mavuno yanaweza kuchelewa kiasi gani. Hawa wawili waligombania rangi. Rangi, jamani! Gari halina kioo, liko juu ya matofali, mkubwa anataka kijani, mdogo anataka nyekundu. Wakaanza na rangi, wakaishia kwenye mambo ya utotoni, nani alikula nyama ya nani, na mdogo akajitwika boneti kichwani, eti ndilo fungu lake, akaenda kuezekea banda la kuku. Kuku wakalala chini ya boneti ya Kiingereza miaka na miaka, na watu wa tumbo moja wakawa wanapishana barabarani kama hawajuani.  Ila baba yenu kila Jumapili alikuwa akizunguka njia ya kule, anasimama, anatazama lile paa la banda, anarudi. Alikufa boneti ikiwa juu ya kuku, na hilo liliniuma, linaniuma mpaka leo, shemeji, na wewe unajua.

Tulipokwisha kuzika, huyu akaingia hapa na boneti kichwani. Ameipiga msasa, ameipaka kijani ile ile aliyoitaka kaka yake. Nikamwambia, umechelewa. Akalia kama mtoto. Nikamwambia, haya, ifunge. Akaifunga, na alipoifunua nione inavyosimama, ndani ilikuwa nyekundu ndu! Nikacheka mle mle ndani ya kilio, watu wa msibani wakadhani nimechanganyikiwa. Kaka yake angekuwepo wangegombana upya, na ningetoa kila nilicho nacho kuwasikia.

Sasa nyinyi. Binti anataka gari liuzwe, apate fedha za dawa zangu na bati za paa. Mdogo wake hataki, anasema kuliuza ni kumzika baba mara ya pili. Wote wawili mna haki, ndiyo maana hamwishi. Mmoja wenu angekuwa na makosa angeshachoka. Lakini mnasalimiana kupitia kwangu! Mama, mwambie huyo chai iko tayari. Mama, mwambie huyo nimeshiba. Mgonjwa mimi, na tarishi mimi. Na katikati ya kununiana kwenu ile nati ya kushoto ikafika. Nani aliipata? Binti, aliyewaandikia watu wa mbali mpaka ikaja kwenye kifurushi, eti bei ipande. Nani aliikaza? Kitinda mimba, aliyeikuta mezani akaichukua kimya kimya, eti gari liweze kusukumwa likafichwe. Gari la baba yenu mmelikamilisha nyinyi, yeye alishindwa, mimi nilishindwa, na hata kupeana mkono hamkupeana. Mimi nililala kule ndani nikasikia nyundo, nikasikia mlio unabadilika, nikajua imeshika. Nikalia peke yangu kwa furaha.

Ila gari likakataa kuwaka, na mnunuzi, yule bwana wa miwani myeusi, anakuja kesho. Binti akaita fundi, fundi akabadilisha betri. Kitinda mimba akaita wake, akalaumu petroli. Hakuna aliyefunua kifuniko cha distributa, magari yao ya siku hizi hayana. Kikulacho ki nguoni mwako, wanangu, na mlichokuwa mkikitafuta kilikuwa nguoni mwangu. Tazameni hapa kwenye pindo. Hiki kidude cheusi, kidogo kuliko kidole gumba, ndicho rota, ndicho kinachogawa moto kwa plagi zote, na bila hiki gari ni kabati. Kumbe baba yenu siku ile alisema kweli. Yeye alikuwa akiitoa kila akizima injini, kwa ajili ya wezi. Mimi niliitoa jioni ile nati ilipokazwa, nikajikokota nimeshika ukuta, nyinyi mko sebuleni kila mtu ameukabili ukuta wake. Msinikasirikie. Chekeni. Ndiyo, hivyo, cheka, binti, nimekuona.

Basi neno langu ni hili, na shemeji ni shahidi. Siwaambii muuze, siwaambii msiuze. Chuma ni chuma, na kilichonifunga na baba yenu si chuma. Lakini gari lisitoke mikononi mwenu mpaka mseme neno moja wote wawili, na neno hilo hamtalisemea hapa bandani, wala mbele ya yule mwenye miwani. Mtalisemea humu ndani, gari likiwa linakwenda. Lina viti viwili, halina cha nyuma cha kwenda kununia.

Na mtaanza leo. Sasa hivi. Daktari hayupo, hakuna wa kutukataza. Binti, ingia kwenye usukani. Usiniambie hujui. Ulikaa hapo juu ya kreti, miguu haifiki chini, baba yako ananguruma kwa mdomo akikufundisha gia, mkaenda mbali sana bila kutoka bandani. Na wewe kitinda mimba ulilala kwenye buti hilo badala ya kitanda cha mtoto, harufu ya petroli ulianza nayo kabla ya maziwa. Mpakie baba yako mdogo kwenye pikipiki yako, mtufuate polepole. Pale juu kwenye tangi pana benchi la saruji. Mtaniweka hapo na shemeji, nilione paa langu... linalovuja. Tuwasengenye kidogo.

Ngojeni... nipumue.

Mimi nitashuka pale juu. Mnanisikia? Nitashuka, na hiki kiti kitakuwa wazi. Ukae wewe, kitinda mimba. Mteremke pamoja, nyinyi wawili, sisi wazee tutazame. Mkifika chini hamjaelewana, pandeni tena. Petroli ipo, mmejaza wenyewe, kila mtu kwa siri yake, tangi nusura limwagike.

Siku yangu ikifika, msihangaike na mengi. Nilazeni ubavuni mwa baba yenu... upande wa kushoto. Nimeshapazoea.

Leteni vichwa vyenu. Karibu, mkono hauinuki sana. Mungu awape riziki isiyo na kelele. Awape wa kucheka nao. Mliyonipa mimi... watoto wenu wawape nyinyi, na zaidi. Mkikosana, mkosane kwa sauti, msikosane kwa kimya. Radhi yangu mnayo... mnayo yote, sijabakiza.

Haya. Turubai hili la juu likunjwe, nataka upepo. Chukua rota, mwanangu. Ibonyeze tu, inakaa mahali pamoja. Imekaa? Funga boneti... ngoja, funua kidogo kwanza. Nione ile nyekundu.

Basi. Funga.

Shemeji, mlango wa banda... wote, wazi kabisa. Binti, vuta choki. Usikanyage mafuta. Lipe muda, sisi wa zamani hatuwaki mara moja. Nimeshika hapa, sianguki.

Haya, mama. Washa.