Lorine Alikuwa na Mume

Mchungaji, wazee, akina mama na nyote mliotoka Kisumu, Sondu na hapa Pap Onditi, mimi ni Mathews Oduor, kaka mkubwa wa marehemu, na karatasi mliyo nayo mkononi niliiandika mimi pamoja na kamati ya mazishi, lakini sitaisoma jinsi ilivyo, kwa sababu kuna mahali tumewadanganya.

Dada yetu Lorine Adhiambo alizaliwa tarehe 9 Mei 1986 hapa Pap Onditi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Oduor na Mama Becky, akasoma shule ya msingi hapa nyumbani hadi mwaka wa 2000, sekondari huko Sondu hadi 2004, kisha akasomea ualimu wa chekechea, na mwaka wa 2008 akaajiriwa Kondele, mjini Kisumu, ambako watoto wa darasa lake walikuwa wanakataa kukaa na wenzao wa kabila lingine.

Jambo hilo lilimuuma, na mwaka wa 2012 akaanzisha kipindi cha watoto kwenye televisheni moja ya mjini, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, cha vikaragosi vya soksi, Mjaluo, Mluhya, Mkipsigis na Mhindi wakiishi ploti moja, na kati yao alikuwa Dani, nyanya Mjaluo mwenye maneno mengi, ambaye mama yetu alimpenda hadi uji ukaungua jikoni, akiapa kwamba huyo lazima ni mtu wa hapa kwetu Nyakach, kumbe sauti ile ilikuwa ya Kartik Jayantilal, aliyezaliwa Kisumu, na ambaye Dholuo chake kinatushinda wengi wetu hapa.

Kwenye karatasi tumeandika kwamba marehemu hakujaliwa kuolewa. Huo ni uongo, na ni wangu. Tarehe 22 Agosti 2014 Lorine na Kartik walifunga ndoa kwa msajili mjini Kisumu, mwezi wa Desemba wakaja kutuona wakiwa na sukari na kreti ya soda, nami nikawafungia geti, nikasema boma hili haliozeshi binti kwa Mhindi, halafu Jumamosi iliyofuata nikakaa na watoto wangu mbele ya televisheni, tukamcheka Dani mpaka machozi. Naona haya, jamani. Walijaliwa binti mmoja, Falguni Akinyi, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2016, na naye hatukumtaja.

Figo zilianza kumsumbua mwaka wa 2022, Kartik akawa anampeleka kusafishwa damu mara mbili kila wiki, mimi nikaenda kumwona siku moja tu, na tarehe 11 Julai 2025, saa nne asubuhi, akatutoka, mumewe akiwa amemshika mkono. Tukamchukua mochari kama msichana asiyeolewa, na kwa desturi yetu msichana wa namna hiyo hazikwi ndani ya boma, ndiyo maana mmeona kaburi liko nje ya ua. Kartik hakubishana, aliuliza tu mazishi ni lini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kondele, walimu na wote wa kipindi.

Shemeji Kartik, toka hapo kwenye hema la wageni, uje na mtoto mkae mbele. Mke huzikwa anakosema mume wake, na jeneza hili halitashushwa mpaka useme, hata ukisema tulirudishe Kisumu tutalibeba.

Lorine, dada yangu, utusamehe, upumzike popote mumeo atakapotuonyesha.