Kafi la Shangazi Verdell

GENEVA: Haloo? Ni nani mwenye namba hii?

CORRINE: Ni mimi Corrine. Shikamoo, Mama. Simu yangu imeingia maji, hii ni ya Lorna.

GENEVA: Marahaba. Sema taratibu, nampa Opal chupa. Mmeshavuka?

CORRINE: Bado. Tuko huku ng'ambo ya mto, ukungu umeinuka kidogo. Maji yanageuka baada ya dakika ishirini. Mitumbwi ya wageni imeshaingia majini, wetu tu ndio uko mchangani.

GENEVA: Basi nenda. Si ulisema asubuhi hunihitaji?

CORRINE: Mama.

GENEVA: Ulisema.

CORRINE: Na wewe ulisema mama mwenye mtoto wa miezi mitano hana kazi na kafi la usukani. Mbele ya Shangazi Verdell, mkono wake uliovunjika ukiwa kwenye plasta, na kafi ameshanikabidhi.

GENEVA: Angempa Curtis.

CORRINE: Curtis mwaka jana alitupeleka kwenye matope. Tulikaa saa tatu tunatazamana na bata.

CORRINE: Unacheka?

GENEVA: Sicheki. Mtoto amecheua.

CORRINE: Mama, nimewaambia wenzangu kwamba nina hasira na wewe. Ndiyo maana nimepiga.

GENEVA: Umewaambia watu wote?

CORRINE: Ningefichaje? Wewe ndiye uliyenifundisha, hasira haipandi mtumbwini, maji huisikia. Watu kumi wamekaa juu ya gogo, makafi mapajani, wananitazama. Isipotoka, kafi namrudishia Shangazi na tunabaki. Wageni watafika hapo kwetu Chinook Point na sisi wenyeji hatupo.

GENEVA: Bakini. Halafu mrudi kwa daraja, kama watu.

CORRINE: Kwa daraja.

GENEVA: Lipo pale, halina mawimbi. Mimi sitaki kukuona ndani ya hiyo mashua.

(mtandao unakwaruza)

CORRINE: Umeuita nini?

GENEVA: Umesikia.

CORRINE: Mama, anayeuita mtumbwi hivyo anaingia majini, hata awe mtoto. Mimi ulinitumbukiza nina miaka sita, na viatu vyangu vipya.

GENEVA: Baba yako alitoka na mashua, Corrine. Ya kutega kaa, injini mpya, redio mbili, na hakurudi. Nilikuwa nimesimama dirishani hapa hapa, wewe unanyonya. Leo nimesimama dirisha lile lile na mwanao. Unataka niseme nini?

CORRINE: Hukuwahi kuniambia habari ya dirisha.

GENEVA: Nimekuambia sasa.

CORRINE: Siku hiyo... mlikuwa mmegombana?

(chupa inagonga meza)

GENEVA: Chupa imekwisha.

CORRINE: Mama, mlikuwa —

GENEVA: Mbele umemweka nani?

CORRINE: Lorna.

GENEVA: Lorna ana pumzi. Mkifika katikati, mto utawavuta baharini. Usishindane nao. Elekeza pua ya mtumbwi upande mto unakotoka, zaidi ya unavyodhani inatosha. Wamevaa maboya?

CORRINE: Wote. Na kuna... kile chombo cha injini, kinatufuata nyuma.

GENEVA: Na maziwa?

CORRINE: Matiti yamekuwa mawe.

GENEVA: Kamua kabla hujakaa. Mwenye maumivu hapigi kafi sawasawa.

CORRINE: Wanawake wananiambia umekataa kuja ufukweni, na wewe ndiye unayejibu kila mtumbwi unaofika. Nikisimama nikaomba ruhusa ya kushuka, halafu nijibiwe na mtu mwingine —

GENEVA: Hujavuka, unashuka wapi?

CORRINE: Mama, wanainuka. Curtis ananionyesha maji. Na simu hii ina asilimia mbili. Niende au nisiende? Lolote utakalosema, ila useme.

GENEVA: Hasira yako iko wapi?

CORRINE: Nimeitafuta sasa hivi, siioni. Yako?

GENEVA: Yangu haikuwa hasira.

CORRINE: Najua.

GENEVA: Nenda. Na mkifika mtu asishuke mpaka nimewajibu, hata miguu ife ganzi. Mtanikuta majini, mpaka kiunoni.

CORRINE: Kiunoni? Maji haya ni barafu.

GENEVA: Nimelitamka lile neno, sikulitamka? Sheria haijui bibi wala mjukuu.

CORRINE: Na Opal atashikwa na nani?

GENEVA: Na jirani, tena akilia njaa. Kwa hiyo kamua kidogo tu, mengine umletee mwenyewe.

CORRINE: Mama, niseme neno mo—

GENEVA: Corrine?

(simu imekatika)

GENEVA: Corrine? ... Haya, Opal. Tukatafute taulo.