Mama Pindo, Aliyegongwa Kivukoni

“Haloo, mbona umenyamaza?” Ndugu waombolezaji, swali hilo lilitoka kwenye simu iliyoanguka sakafuni mwa gari la mikate, na hakuna aliyelijibu, kwa sababu dereva alikuwa ameshuka akijishika kichwa, na shangazi yangu, tunayemzika leo, alikuwa amelala kwenye kivuko cha waenda kwa miguu.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Pindo, alizaliwa tarehe 3 Mei 1968, mtoto wa nne na binti pekee wa fundi baiskeli, akasoma shule ya msingi ya hapa mtaani hadi darasa la saba mwaka 1982, kisha akajifunza ushonaji, na tangu 1987 alikuwa na cherehani yake kwenye chumba cha mbele, dirisha likitazama soko, akishona sare za shule na kupunguza suruali za nusu ya mtaa huu, na ole wako umsalimie sindano ikikimbia, hakuitikia mpaka mshono uishe, ndipo akwambie, “Marahaba mwanangu, vidole vyangu vilikuwa humu.”

Mwaka 1991 seremala mmoja alileta suruali ipunguzwe, akairudisha tena, na tena, hadi ikawa kaptula, na shangazi akamuuliza kama amekuja kushonewa au kuposa, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, wakajaliwa watoto wawili, mwalimu na fundi umeme, walioketi hapa mbele na baba yao.

Ugonjwa hakuwa nao, naomba hilo lisikike: aligongwa asubuhi ya tarehe 6 mwezi huu akitoka kununua nyuzi, akafariki wodini tarehe 9.

Baba mkubwa amenionya nisome wasifu tu, hapa si kwenye mdahalo wa chuo, nami namheshimu, lakini tangu juzi naambiwa “ajali haina kinga,” na maneno hayo nayakataa mbele yenu wazee wangu, kwa kuwa ajali humpata mtu, na dereva huyu hakupatwa na kitu, alichagua, na kinga ilikuwepo, kidole kimoja tu cha kuzima simu. Sheria inakataza kushika simu gari likienda, naye ameandikisha polisi kwamba simu ilikuwa mfukoni, na ndugu zake wameshakuja kutuomba yaishe kinyumbani. Mume wa marehemu amesema hapana, lakini bila shahidi kesi itafutwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, majirani mliotuletea maji na viti bila kuombwa, na mafundi wenzake mliofunika cherehani zenu leo. Shangazi, wewe pumzika kwa amani, sisi bado.

Na ninyi mliokuwa sokoni asubuhi ile, mkaisikia simu ikiongea, kesho twendeni pamoja kituo cha polisi mkaandikishe maelezo.