Georges Kabongo na Alama Nyeupe Aliyoiona

Jambo la kwanza nililoligundua kwa marehemu baba yetu mkubwa, Georges Kabongo, nilipoletwa kwake mwaka 1993 ili nisome, ni kwamba mihogo ilipoanikwa uani, yeye alizunguka nyuma ya nyumba. Mama Mathilde, mkewe, alimtania: "Papa Georges, ile ni mihogo, haina meno." Hakucheka.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 hapa Likasi, mji ukiitwa bado Jadotville. Alisoma hapahapa, akajifunza urubani Kinshasa, na tangu 1972 alirusha ndege ndogo za kubeba dawa na wagonjwa. Tarehe 20 Julai 1974 alifunga ndoa na Mama Mathilde.

Nchi ilipoharibika, uwanja mdogo alioutumia ulifungwa, kwa sababu maji yalikuwa yamechimba mfereji katikati ya lami. Mlinzi, Bwana Godefroid, alichora kwa chokaa alama kubwa ya X kila mwisho wa njia. Kwa rubani maana yake ni moja: usitue. Lakini akina mama walianika mihogo kwenye lami ileile, na marubani walikwisha kuzoea weupe huo. Tarehe 3 Aprili 1991 marehemu, ambaye hakuwa amepata habari ya kufungwa kwa uwanja, aliona weupe, akadhani ni mihogo. Alipoitambua chokaa, magurudumu yalikuwa yamegusa chini. Ndege ilivunjika kwenye mfereji, na muuguzi aliyekuwa naye akavunjika mguu.

Jioni mvua ilifuta chokaa. Alipoulizwa, marehemu alijibu kwamba hapakuwa na alama. Bwana Godefroid alifukuzwa kazi, akahamia Buluo kuchoma makaa. Mjini walimwita "Godefroid bila chokaa". Hata mimi nililitamka jina hilo mezani, nikicheka. Marehemu aliacha sahani yake akatoka. Leo naona haya.

Moyo wake ulianza kuugua mwaka 1995. Tarehe 11 Agosti mwaka huu aliniita: "Andika, weye iko na masomo. Godefroid aliipakaa muzuri. Niliiona. Minye njo nilisema bongo." Bongo kwetu ni uongo.

Nilipeleka barua Buluo. Bwana Godefroid aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Muisome mbele ya bantu," alisema, "njo nitakuja."

Marehemu alifariki nyumbani tarehe 22 Agosti 1996, saa tisa mchana. Ameacha mjane, Mama Mathilde, watoto wawili, Anne na Évariste, na wajukuu wanne. Mungu ampe pumziko ambalo uongo ule ulimnyima.

Sasa barua yake imesomwa mbele ya watu. Konzi ya kwanza ya udongo tumemwachia Bwana Godefroid aitupe, na kaburi halitafunikwa kabla hajafika.