Mama Lidwina na Madumu ya Nyumba Mia Mbili na Kumi

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, siku anayotimiza miaka sitini, Mama Lidwina Mapunda anaondoka kazini baada ya kuwatumikia wagonjwa wa presha na sukari wa kituo chetu kwa miaka thelathini na minne, bila barua hata moja ya onyo. Uongozi ulitafuta mtu wa kuandika habari zake kwenye kijitabu hiki cha sherehe. Madaktari wana kazi nyingi, ikaonekana aandike anayemfahamu zaidi, na hapa kituoni hakuna wa kunishinda mimi, Fulgence Ngonyani, dereva. Nimeishia darasa la saba, lakini wa rika langu wanajua kwamba darasa la saba la Lizaboni la miaka ile ni sawa na digrii mbili za siku hizi.

Mama Lidwina alizaliwa Lilambo, mtoto wa tatu wa wakulima wa mahindi. Alifika hapa Juni 1991 na begi moja na sweta mbili, maana alishaambiwa kuhusu baridi ya wodini. Wakati huo sindano tulikuwa tunazichemsha kwenye jiko la mafuta ya taa, na presha ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mabwana wakubwa. Yeye ndiye aliyeomba chumba kimoja na siku moja kwa wiki, akaanzisha Kliniki ya Alhamisi akiwa na kipimo kimoja cha zebaki na wagonjwa kumi na mmoja. Leo daftari lina majina zaidi ya mia tisa, na karibu yote anayajua kwa sura, kwa mtaa na kwa mboga wanayoipenda.

Kazi yake ilimtaka aende kwa watu, na kwenda kwa watu kunataka dereva. Mwaka 2009 nilimvusha mto uliofurika, gari likiwa na breki moja na nusu. Maji yalinifika kifuani, kambale akaingia dirishani akatokea dirisha la pili, na boksi la dawa halikulowa hata kona. Mama Lidwina husema maji yalifika magotini tu. Alikuwa amefumba macho anasali, hivyo shahidi wa kutegemewa ni mimi.

Lakini sikushika kalamu kueleza habari za mto. Nataka vijana walioajiriwa juzi wajue habari ya madumu.

Mwaka 2021 ulikuja utafiti wa chumvi na presha. Wataalamu walitaka kujua kwa nini watu wazima wengi wa mitaa yetu wana presha ya kupanda, hata wembamba wanaoshika jembe kila siku. Ukitaka kujua kwa uhakika mtu anakula chumvi kiasi gani, unakusanya mkojo wake wote wa saa ishirini na nne, kwa sababu chumvi karibu yote hutokea huko. Zikachaguliwa nyumba mia mbili na kumi za Ruhuwiko, Lizaboni na Majengo, kila nyumba mtu mmoja, kila mtu dumu lake jeupe la lita tatu lenye jina. Mama Lidwina ndiye aliyepewa kazi ya kugawa na kukusanya, na akaahidiwa kwamba awamu ya pili ikianza atakuwa msimamizi wa kazi zote za mitaani. Ilikuwa heshima kubwa kwa muuguzi asiye na shahada, na ndiyo aliyotaka kustaafu nayo.

Hapo ndipo wema wake ulipomponza. Aliona ni aibu kufungua dumu la mtu mzima na kulipima mbele ya wageni na wakwe zake. Akachukua kalamu ya wino mweusi, akachora kila dumu mstari kwenye lita mbili, ili akifika mlangoni atupie jicho mara moja, aandike, alifunike kwa kanga, aondoke nalo.

Watu wakauona mstari. Sasa mtu akikuletea dumu lenye mstari, wewe utaelewaje? Utaelewa kwamba unatakiwa ufike hapo.

Majibu ya nyumba nyingi yakaja kutoka maabara ya Dar: gramu kumi na nne za chumvi kwa mtu kwa siku, wakati ushauri wa kimataifa ni chini ya tano. Dkt. Judica Mbwambo, mkuu wa utafiti, mama mpole wa Same anayetembea kama anafukuzwa na mvua, akaandaa ripoti ya kusomwa Dodoma. Ripoti ilisema watu hawa wanajimaliza kwa chumvi. Kwa hiyo awamu ya pili ingekuwa ya kuhubiri juu ya chumvi tu, na mpango wa kupeleka vidonge vya presha mitaani, uliokuwa unafikiriwa, ungefutwa.

Mama Lidwina hakutulia. Alikuwa anasema na mimi garini: "Fulgence, nimekula kwenye nyumba hizi. Pakiti ya nusu kilo inakaa wiki mbili. Watu sita kwa gramu kumi na nne, si wangenunua pakiti kila wiki?" Mimi nikamjibu kwamba kompyuta haikosei. Nilisema hivyo kwa sababu yangu, nitaieleza.

Asubuhi moja ya Agosti 2022, wakati wa kumalizia nyumba chache zilizobaki Ruhuwiko, tulifika kwa Mzee Hironimus kabla ya saa waliyotutegemea. Dumu lilikuwa la mkewe, Bibi Kunegunda. Tukamkuta mzee nyuma ya nyumba ameshika kopo, anamimina taratibu, ulimi nje kidogo kama fundi saa.

"Shikamoo baba," akasema Mama Lidwina.

"Marahaba mwanangu. Leo umewahi."

"Baba, hilo si dumu la mama?"

"La kwake. Jana alishinda msibani, karudi kakuta mstari uko mbali, ameona aibu. Nikasema ngoja nimsogeze."

"Lakini baba, huo ni mkojo wako."

Mzee akasimama wima. "Mwanangu, mimi na huyu tumefunga ndoa mwaka sabini na mbili. Padri alitamka mbele ya watu, sisi ni mwili mmoja. Leo wewe unakuja kututenganisha kwa dumu?"

Nilicheka mpaka honi ya gari ikalia yenyewe, na kuku wa jirani wakasusa kutaga wiki nzima. Mama Lidwina hakucheka. Aliingia garini, akaliweka dumu miguuni, tukaondoka. Pale Majengo ndipo aliponiambia: "Ile mistari nimeichora mimi."

Edwin, karani wetu wa takwimu, ni kijana mzuri na alimwonea huruma. Akafunga mlango, akamwambia: "Mama, kaa kimya. Umebakiza miaka mitatu. Nani atajua?" Mama Lidwina akamjibu: "Edwin, hizi namba zinaenda Dodoma, halafu zitarudi Ruhuwiko zimevaa koti jeupe. Zikisharudi hivyo, nani atazibishia?" Akaenda kwa Dkt. Judica.

Nilikuwa nje ya mlango kwa bahati tu, nasubiri funguo. Nilisikia daktari akiuliza, "Nyumba ngapi?" na Mama Lidwina akijibu, "Sijui, daktari. Nipe wiki mbili nikahesabu." Halafu daktari akasema, "Lidwina, unajua umenifanyia nini?" Na yeye akasema, "Najua. Na mistari ni yangu, usimtafute mwingine."

Namna alivyohesabu ndiyo iliyonifanya nimvulie kofia. Wewe na mimi tungegonga hodi na kuuliza, "Ulidanganya?" Na jibu lingekuwa hapana, mpaka Krismasi. Yeye aliketi, akasalimia watu wote wa nyumba, akauliza: "Mama, siku ile ya dumu, nani alikusaidia?" Watu wakamjibu kwa fahari! Bi. Biasha, muuza maandazi wa Majengo, aliwataja majirani watatu, akaongeza, "Wananipenda hawa, alhamdulillahi." Nyumba tisini na saba zilitaja wasaidizi. Palikuwa na mama mkwe, palikuwa na mpangaji, palikuwa na fundi baiskeli aliyepita njia.

Mimi nilikuwa nyumba namba themanini na nane. Nilikuwa nimejitangaza kituoni kwamba dumu langu lilivuka mstari kabla ya saa sita mchana, na watu walikuja kuniuliza siri. Mama Lidwina aliponiuliza nani alinisaidia, nilimjibu kwamba mwanaume wa Lizaboni hasaidiwi. Akanitazama, akaandika kwenye karatasi yake: "Dereva, arudie." Leo nakiri mbele ya wafanyakazi wote na familia zao: alikuwa shemeji yangu Sixbert, na tulitumia pombe ya komoni. Mama Lidwina hajalitaja jambo hilo miaka yote hii, hata siku nilizomuudhi.

Ripoti ya kwanza ilitupwa. Safari ya Dodoma ikafutwa. Siku tisa Dkt. Judica hakunywa chai meza moja naye. Usimamizi alioahidiwa akapewa Recho, binti msomi aliyetoka Mbeya, na Mama Lidwina ndiye aliyemwonyesha njia za mitaa. Mwenyewe akarudia nyumba zote moja baada ya nyingine, madumu mapya, safari hii hayana mstari, na kila nyumba alianza kwa kuomba radhi.

Mara ya pili chumvi ilitoka gramu nane. Bado ni nyingi, na naomba tuipunguze, hasa wale wa kuongeza mezani kabla ya kuonja. Lakini haikutosha kueleza presha ile. Ndipo wakatazama upande mwingine, wakakuta watu wanameza vidonge siku kichwa kinapouma tu, kikipoa wanavitunza, na vikiisha wanasubiri mpaka wapate safari ya mjini. Leo dawa zinafika kila mwezi kwenye jumuiya za kanisa na msikitini, gari naendesha mimi, na presha za watu wengi zimeshuka. Dkt. Judica aliyaandika yote, kosa na marekebisho. Fomu zake zote sasa zinaanza na swali la "Nani alikusaidia?" na chini yake ameandika limetoka kwa nani. Chai walishaanza kunywa pamoja zamani.

Sehemu inayofuata naiandika kwa ruhusa ya wenyewe. Bibi Kunegunda alisema niweke jina lake lote, maana hajaiba.

Dumu lake la pili lilikuwa la kwake peke yake, halikufika hata lita moja. Maabara wakakuta protini nyingi. Figo zilikuwa zimeanza kuchoka, na zilikuwa zimeanza tangu dumu la kwanza, ila mara ile protini ilichanganyika na mkojo wa mtu mwingine mwenye figo nzima, ikaonekana kidogo, ikapita. Miezi mitano ilipotea hapo. Alianzishiwa dawa ya presha inayolinda na figo, akapangiwa kupimwa kila baada ya miezi mitatu.

Mimi ndiye niliyempeleka Mama Lidwina kuwapa majibu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alimweleza bibi ugonjwa, alimweleza dawa. Halafu akavuta kigoda akakaa chini kabisa karibu na miguu ya mzee, maana mzee alikuwa ameanza kuuliza, "Sasa mara ya kwanza mbona hamkuona?" Akamwambia: "Baba, kosa lilikuwa la kalamu yangu. Nilichora mstari ambao haukutakiwa. Wewe ulimsaidia mkeo, na mtu anayemsaidia mkewe hana kosa." Akarudia mara mbili. Mzee akatikisa kichwa, akaniambia nikate miwa nipeleke mjini.

Bibi Kunegunda anaendelea vizuri. Figo hazijarudi nyuma wala hazijasonga mbele, na daktari anasema hiyo ni habari njema. Mwezi uliopita nilimkuta anapukuchua mahindi.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwaalika kwenye sherehe hii. Mzee Hironimus alinisindikiza mpaka kwenye gari, akashika mlango nisifunge. Akasema: "Fulgence, mnadhani sikuelewa? Nilijumlisha siku ile ile. Ni kopo langu lililomficha mke wangu. Lakini yule mama alipokaa chini akasema kosa ni lake, nikaona amekuja kunibebea mzigo. Sikuwa na nguvu, nikamwachia abebe. Mwambie mimi sasa nina nguvu. Mwambie autue."

Mama Lidwina, nimefikisha salamu kama nilivyopewa, sikuongeza neno, na mimi unanijua. Wafanyakazi wenzako, wagonjwa wako wa Alhamisi na nyumba zote mia mbili na kumi tunakushukuru. Tunakuombea afya, shamba lenye mvua ya kutosha na wajukuu wenye adabu. Jumanne ukizinduka alfajiri kwa mazoea, geuka upande wa pili ulale tena. Ruhuwiko nitakwenda mimi.