Kabureta Haijarudi: Maisha ya Fundi Kipimo

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa fundi viatu na mkewe. Alizaliwa katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, na mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alinusa gundi kabla hajanusa maziwa. Baba alikuwa mpole kwa mambo mengi na mkali kwa jambo moja: kipande cha ngozi kilichobaki baada ya kazi ni cha mwenye kiatu, na kinarudishwa kwake, hata kama hakitoshi kufunika kidole. Watoto wote watano walilelewa kwa sheria hiyo. Msikilizaji anaombwa aishike, maana tutaihitaji huko mbele.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, na mwaka 1972 akaingia shule ya ufundi, ambako alipata jina lililomfuata mpaka leo. Siku moja mwalimu wa useremala alimpa alama ndogo kwa sanduku lililozidi urefu. Kijana akainua mkono, akasema, "Mwalimu, sanduku halijazidi. Rula yako ndiyo imelika mwanzoni." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamchapa kwanza, kisha akaenda ofisini kuchukua rula nyingine, akapima upya. Alama zikapandishwa. Kuanzia siku hiyo aliitwa Kipimo, na wapo watu waliofanya naye kazi miaka mingi bila kulijua jina alilopewa na wazazi wake.

Mwezi Januari 1978 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi kama msaidizi wa fundi. Akawa fundi kamili, kisha msimamizi wa zamu. Hakuwa mtu wa makuu. Ovaroli yake ilipigwa pasi kila asubuhi, jambo lililowachekesha wenzake. "Kipimo, unakwenda chini ya basi au unakwenda kuposa?" walimuuliza. Naye akawajibu, "Basi nalo lina heshima yake."

Na kuposa alikwenda. Tarehe 21 Julai 1984 alifunga ndoa na mwalimu wa sekondari. Upande wa bibi harusi hawakulipokea jambo hilo kwa vigelegele. Shangazi mmoja alimvuta msichana pembeni akamwambia, "Mwanangu, na elimu yako yote hiyo, unakwenda kwa mtu mwenye kucha nyeusi?" Msichana akajibu, "Shangazi, ni nyeusi kwa kazi." Maneno hayo yalimfikia bwana harusi. Katika maisha yote ya ndoa yao hakuwahi kuingia sebuleni kabla ya kusugua mikono yake uani kwa sabuni na mchanga, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mungu aliwajalia mabinti wawili na mtoto wa kiume.

Watoto walipokuwa wakubwa na nyumba imekuwa kimya, marehemu aliliona jarida kuukuu kwenye meza ya kinyozi. Ndani yake mlikuwa na picha ya pikipiki ya aina inayoitwa kafe resa: usukani umeshuka chini, kiti kifupi kimebinuka nyuma, na kila kisicho cha lazima kimeondolewa. Alirudi nyumbani nusu kichwa kimenyolewa na nusu bado, kwa sababu alikuwa ameinuka kitini kwenda kuiangalia picha vizuri kwenye mwanga, akapitiliza. Mkewe alimwambia, "Baba, rudi ukamalizie kichwa, halafu tuzungumze."

Watu wengi wamezungumza kuhusu pikipiki hiyo, na wengi wao hawakuwahi kufika uani kuiona ikitengenezwa. Kwa hiyo ni haki ielezwe hapa, kipande kwa kipande.

Pikipiki yenyewe, ambayo kuku walikuwa wameigeuza kiota, ilikuwa ya tarishi mstaafu, jirani wa nyumba ya pili. Tarishi aliitoa baada ya marehemu kumchomelea geti jipya. Usukani ni uleule wa zamani: aliufungua, akaugeuza juu chini, akaufunga tena, na ukashuka kama ule wa kwenye picha. Mkia wa fremu aliukata kwa msumeno wa mkono baada ya kuupima jioni nzima, mpaka mkewe akauliza kama anangoja uote. Tangi lilikuwa na mabonde, akayainua kwa nyundo ndogo, akajaza puti, akalisugua kwa msasa. Kiti ni ubao, sponji ya godoro la watoto, na ngozi ya mkoba wa shule ambao mkewe alikuwa ameustaafisha. Alikishona mwenyewe kwa sindano ya baba yake. Vipande vilivyobaki alivirudisha kwa mwenye mkoba. Vipo mpaka leo kwenye droo.

Kabureta ya zamani, ile inayochanganya petroli na hewa, ilikuwa imekwisha kabisa. Muuza skrapa za vyuma chakavu alikuwa nayo nzuri, lakini alitaka kubadilishana na saa ya ukutani, zawadi ya harusi, iliyokuwa sebuleni. Marehemu alisita. Mkewe, mwenye sebule, alisema, "Chukua, lakini pikipiki isipowaka utakuwa unanitajia saa kwa mdomo." Iliwaka. Alama ya duara ya saa hiyo bado ipo ukutani. Yeyote mwenye shaka kuhusu kabureta hiyo ilikotoka, anakaribishwa kuja kuitazama alama hiyo.

Ikabaki rangi. Mchora mabango wa mtaani alimpa kopo lililobaki kutoka kazi zake, rangi ya bluu iliyoiva, nzuri sana. Hakuna aliyefikiri kwamba mchora mabango huyohuyo ndiye aliyekuwa akiandika ubavuni mwa mabasi ya kampuni kwa bluu hiyohiyo, na kwamba alinunua rangi zake zote mahali pamoja.

Jumatatu ya tarehe 2 Februari 2015, marehemu alikwenda kazini amepanda pikipiki yake kwa mara ya kwanza. Wenzake waliizunguka, wakapiga miluzi, wakabishania nani apewe kuijaribu. Mtunza stoo akapaza sauti, "Jamani, njooni mwone! Basi letu limezaa kitoto!" Uwanja mzima ulicheka, na marehemu alicheka kuliko wote. Mtunza stoo yupo nasi leo, na amelia kuliko wafiwa.

Utani ule ulipanda ngazi ukaingia ofisini, na ulipofika huko haukuwa utani tena. Kilikuwa kipindi ambacho vipuri vilikuwa havionekani stoo. Kesho yake asubuhi, wafanyakazi wakiwa wamekusanyika uwanjani kama kawaida kabla ya kazi, meneja wa karakana alisimama kwenye ngazi akasema: "Humu ndani tuna mwizi. Tena mwizi jasiri, anakuja kazini amepanda ushahidi." Hakutaja jina. Hakuhitaji. Palikuwa na pikipiki moja tu ya bluu.

Mchana huohuo walinzi wawili na ofisa mmoja wa kampuni walifika nyumbani kwa marehemu. Walitandika turubai uani, wakaifungua pikipiki yote, bolti baada ya bolti, majirani wakichungulia juu ya ukuta. Mke wa marehemu alitoka, akasimama mlangoni, akasema, "Mkimaliza kufungua, mfunge." Mlinzi mmoja akamjibu, wala si kwa ubaya, "Mama, sisi kazi yetu ni kufungua tu." Waliondoka na tangi, kwa sababu ya rangi yake, na kabureta, kwa sababu ofisa alisema ni kipuri cha kampuni. Mabasi yote ya kampuni ni ya dizeli. Basi la dizeli halina kabureta, halijawahi kuwa nayo, na hakuna mtu katika karakana ile asiyelijua hilo. Mafundi walilijua. Madereva walilijua. Wote waliweka maji mdomoni.

Mwezi wa Aprili, marehemu akiwa bado amesimamishwa kazi, paa la stoo lilivuja, bidhaa zikahamishwa, na vipuri vilivyopotea vikakutwa nyuma ya matairi mabovu, ambako vilikuwa vimesukumwa kwa uzembe. Hapakuwa na mwizi. Meneja alimwita marehemu ofisini, akafunga mlango. Marehemu aliyarudia mazungumzo hayo nyumbani mara nyingi, na hayakuwahi kubadilika hata neno.

"Kipimo, yameisha," meneja alisema. "Rudi kazini, tusahau."

"Nashukuru. Sasa twende uwanjani ukawaambie."

"Uwanjani kufanya nini?"

"Uliniita mwizi uwanjani. Hapa ofisini tuko wawili."

"Mimi sikumtaja mtu. Sasa wewe unataka nini, mzee wangu, nikupigie ngoma?"

"Sitaki ngoma. Sema tu, 'Huyu hakuiba.'"

Meneja aliahidi kwamba siku ikifika atasema. Tangi lilirudishwa likiwa na bonde jipya. Kabureta haikurudi. Marehemu alipoiulizia, aliambiwa iko kwenye kabati la vielelezo. Alipoliulizia kabati, aliambiwa ufunguo anao ofisa. Alipomuulizia ofisa, aliambiwa amehamishwa.

Alifanya kazi mpaka alipostaafu, tarehe 31 Machi 2017. Kila asubuhi kwa muda wote huo alisimama uwanjani mahali palepale, ovaroli imenyooka, akisikiliza matangazo ya magari mabovu, ya likizo, ya viatu vya kazi. Jioni mkewe hakumuuliza. Alikuwa anaona namna anavyolifungua geti. Siku ya kuagwa alipewa blanketi na hotuba ndefu yenye kila kitu isipokuwa maneno yale mawili.

Baada ya kustaafu aliifunga upya pikipiki yake, polepole. Tarehe 14 Agosti 2021 alipata kiharusi kilichomlemaza upande wa kulia. Akajifunza kushika spana kwa mkono wa kushoto, kwa hasira ambayo familia haikuwahi kuiona kwake kabla. Alifunga kila kitu, ikabaki nafasi ya kabureta tu. Muuza skrapa, ambaye wenye makuu hawangemkaribisha barazani, alikuja na nyingine mkononi, akasema, "Mzee, chukua, hii zawadi. Iwake tuisikie." Marehemu alitikisa kichwa. Maneno yake wakati huo yalitoka kwa shida, lakini hayo yalitoka yote: "Nikiweka nyingine, watasema ile ilikuwa yao." Akachukua kitambaa safi, akakikunja, akaziba nafasi hiyo ili vumbi lisiingie kwenye injini.

Kiharusi cha pili kilimpata mwishoni mwa Mei 2023. Alilazwa, na asubuhi ya Ijumaa, tarehe 2 Juni, alifumbua macho akasema, "Wameleta?" Muuguzi alidhani anauliza dawa. Mkewe alimwelewa, akamjibu, "Bado." Hakumdanganya. Hawakuwa wamezoeana hivyo. Alifariki dunia saa nne asubuhi hiyo.

Juzi, watu wakiwa wamejaa uani, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye hukata tiketi za kampuni hiyohiyo, alikuja na ombi. "Shemeji," alisema, "mambo ya kazini tuyaache huko huko. Meneja ametoa mabasi mawili ya kubebea watu. Ametuma na shada."

Mjane akamwambia, "Mabasi tumeyapokea, tumeshukuru."

"Sasa unataka kumwaibisha mtu mzima msibani?"

"Ndugu yako aliaibishwa uwanjani, shemeji. Tena akiwa hai. Na wewe ulikuwepo."

Shada lipo pale mbele. Utepe wake umeandikwa: *Mtumishi wetu mwaminifu.* Familia imeusoma. Aliyestahili kuusoma amefunikwa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu wanne, kaka mmoja na dada wawili. Ameacha sindano ya baba yake na rula ya chuma ambayo haijalika. Ameacha pikipiki moja ya bluu, iliyo uani chini ya turubai, ambayo haiuzwi na haigawiwi, na ambayo tayari ndugu watatu wameiulizia, wakiwemo wawili walioiita wendawazimu.

Hakuacha deni, wala kitu cha mtu ndani ya nyumba yake.

Katika ratiba mliyonayo mikononi, anayefuata baada ya wasifu huu ni meneja wa karakana. Familia ndiyo iliyomweka hapo, kwa kukusudia, na haijamwandalia la kusema. Marehemu alishamwandalia, nalo ni fupi. Wengi waliosimama uwanjani asubuhi ile wamesimama hapa, kwa hiyo hata uwanja umepatikana.

Mungu amlaze mja wake mahali penye utulivu. Sisi tubaki tumesimama kidogo, tusikilize.