Mama Futi na Swali la Kitanda

Leo, tarehe thelathini Juni, bibi yangu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi hii ya wasanifu majengo. Wenzake wameniomba niandike mimi kwa sababu, wanasema, wao wangeishia kusifu zege tu.

Hapa ofisini anaitwa Mama Futi. Utepe wa kupimia haumtoki mkobani, na amewahi kupima viti harusini. Ana sababu. Katika makao ya kwanza ya wastaafu aliyoyachora aliweka mabenchi mazuri, ila ya chini mno. Siku ya ufunguzi mzee mmoja alikaa, akashindwa kuinuka, akatangaza kwamba sasa amewekwa benchi kama mchezaji wa akiba. Watu walicheka. Kesho yake Bibi alirudi akawapima wakazi wote, kutoka unyayo hadi goti.

Kazi anayosifiwa zaidi ni kijiji cha wauguzi wastaafu, nyumba arobaini. Mwenyekiti wao, mwenye miaka sabini na mmoja, alitaka kila nyumba iipe njia mgongo na kutazama bustani ya nyuma. Alisema wazee wanapenda kimya. Kila mara "wazee", kana kwamba yeye hayumo. Bibi hakuridhika, akachelewesha michoro. Mwenyekiti akampa wiki moja, la sivyo kazi iende kwingine. Ofisi nzima ikawa roho juu.

Siku ya saba Bibi alimpelekea karatasi tupu.

"Kaka Mwenyekiti, kitanda chako wewe tukiweke wapi?"

Mwenyekiti aliigeuza karatasi huku na huku. Kisha akasema, "Pale nitakapoona nani anapita. Tangu wifi yako afariki, kimya ninacho cha kutosha."

Nyumba zote arobaini zikageuzwa, zikatazama njia. Tangu hapo kila msanifu mpya hufundishwa kuuliza hivyo kabla ya kushika penseli, kwa kuwa mteja wa kazi hizi husema "wao" mpaka aulizwe habari zake mwenyewe.

Mwenyekiti anaishi huko, nyumba namba tatu. Ametuma salamu kwamba leo atachelewa kidogo, maana hawezi kutoka kabla ya kumsalimia kila anayepita.

Asante, Bibi, kwa kuwasubiri watu mpaka waseme. Tunakuombea afya, miaka mingi, na majirani wasiochoka kupiga hodi.